Tairi Linalopungua Usiku: Tundu Litafutwe Kabla ya Kiraka

Saa kumi na mbili asubuhi, kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kuanzia Tegeta hadi Bunju, na kando ya Barabara ya Kilwa kuanzia Mtoni hadi Mbagala Rangi Tatu, vibanda vya mafundi pancha huwa vimekwisha kufunguliwa. Wateja wengi wa saa hiyo hawana pancha. Wamekuja kujaza upepo kwenye tairi lilelile walilolijaza juzi. Fundi anauliza, "Lile la nyuma tena, bosi?" Mteja anajibu, "Lilelile, fundi. Niongezee kidogo nifike kazini." Kompresa inanguruma, mteja analipa, gari linaondoka. Baada ya siku tatu wanakutana tena.

Mazoea haya yameenea kiasi kwamba watu wanayahesabu kuwa ndiyo matunzo ya gari. Siyo. Methali ya ufa inatuhimiza kuziba mapema, lakini kwa tairi kazi ngumu si kuziba. Ni kujua ufa uko wapi. Fundi asiyejua hewa inatokea wapi ataweka kiraka, kisha ataweka tyubu, mwisho atashauri tairi jingine, na upepo utaendelea kupungua. Hoja yangu ni hii: karibu kila tairi linalopungua lina chanzo kinachoweza kuonekana kwa vifaa vya bei ndogo, na mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa chanzo hicho kabla hajalipia dawa yoyote.

Kupungua kwa kawaida na kupungua kwa kasoro

Mpira hauzuii hewa kabisa. Tairi la tubelesi, ambalo kampuni ya Marekani ya BFGoodrich ililitangaza mwaka 1947, halina tyubu ndani yake. Hewa inazuiwa na vitu viwili: utando mwembamba wa mpira wa jamii ya butili uliopakwa upande wa ndani wa tairi, na mdomo wa tairi unaobana kwenye ringi. Butili yenyewe ilitengenezwa na wanakemia wa Standard Oil nchini Marekani mwaka 1937, ikapendwa kwa sababu inapitisha hewa kidogo sana ikilinganishwa na mpira wa asili. Kidogo, lakini inapitisha. Tairi zima lisilo na kasoro hupoteza paundi moja hadi tatu kwa mwezi. Paundi hapa ni kile kipimo kinachoandikwa PSI kwenye geji.

Hiyo ndiyo mizani ya kwanza. Matairi yote manne yakipungua paundi mbili mbili kwa mwezi, hakuna ugonjwa. Ongeza upepo uendelee na safari. Tairi moja likipungua paundi nne kwa wiki huku wenzake wamesimama palepale, hapo pana tundu.

Watu wengi husingizia hali ya hewa. Katika nchi za baridi kali kisingizio hicho kina uzito, kwa kuwa joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi tairi la paundi 32 husoma karibu paundi moja na nusu pungufu. Lakini Dar es Salaam alfajiri ya Julai ni takriban nyuzi 19, na alfajiri ya Februari takriban nyuzi 25. Tofauti ya msimu mzima haizidi paundi moja. Kwa hiyo mkazi wa Chamazi au Mbweni anayeambiwa kwamba "ni baridi ya mwezi wa saba" anapaswa kuendelea kutafuta.

Kinachopotosha zaidi ni wakati wa kupima. Gari likitembea, tairi linapata joto na kipimo kinapanda paundi nne, tano, hata sita. Anayepima baada ya kutoka Mbagala hadi Posta anapima joto la barabara pamoja na upepo, na tairi lenye upungufu linaweza kusoma sawa na kilichoandikwa mlangoni. Pima asubuhi kabla gari halijaondoka, au baada ya gari kupumzika kwa muda wa saa tatu.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yetu ni ya mtumba kutoka Japani, na kibandiko chao hutumia kilopaskali. Kumbuka namba chache: 200 ni paundi 29, 220 ni 32, 230 ni 33, na 250 ni 36. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni ukomo wa tairi hilo. Kiwango cha gari lako ni kile cha mlangoni.

Kwa nini pembezoni

Sababu ya kwanza ya matairi kupungua zaidi pembezoni mwa jiji ni ujenzi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu milioni moja walioongezeka wanahitaji pa kulala, na sehemu kubwa ya ujenzi huo imekwenda pembezoni: Mabwepande, Bunju, Wazo na Madale upande wa Kinondoni, Chamazi, Mbande, Toangoma na Buza upande wa Temeke. Eneo la ujenzi ni ghala la misumari. Mbao za shata zinabanduliwa kwenye zege zikiwa na misumari yake, mirunda inapakiwa kwenye Kenta na kupelekwa saiti nyingine, skrubu za bati zinamwagika wakati wa kuezeka. Ongeza guta na mikokoteni ya chuma chakavu inayopita mtaa kwa mtaa ikidondosha vipande, na utaelewa kwa nini barabara ya mtaani inatoboa matairi kuliko barabara kuu. Wapo wanaoamini kwamba mafundi pancha humwaga misumari kusudi. Dhana hiyo haihitajiki ili kueleza tunachokiona, ujenzi unatosha.

Sababu ya pili ni mashimo. Mradi wa kuendeleza Jiji, DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliweka lami katika mitaa mingi ya Temeke, Kinondoni na Ilala, na tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA. Lami imesaidia. Lakini penye ukingo wa lami na udongo, na kwenye makalavati yaliyoliwa na maji, tairi linashuka na kupanda kwenye ncha kali. Masika, kati ya Machi na Mei, maji hufunika shimo na dereva halioni. Tairi linaweza kusalimika, ringi ikapinda milimita mbili, na mdomo wa tairi ukaanza kupitisha hewa mahali pale. Dereva amesahau shimo, lakini tairi linapungua kila usiku.

Sababu ya tatu ni bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu wenye chumvi, na chumvi hula ringi. Ringi ya chuma inaota kutu. Ringi ya aloi inaota unga mweupe chini ya rangi, hasa palipokwaruzwa na pale mdomo wa tairi unapokaa. Unga huo unainua mdomo wa tairi kidogo kidogo hadi hewa ipate njia. Ringi nyingi za aloi zimekuja na magari ya mtumba, na baadhi yake zilikwisha kupita miaka kwenye barabara za kaskazini mwa Japani ambako chumvi humwagwa kuyeyusha theluji. Zinafika hapa zikiwa zimeanza kuoza.

Sababu ya nne ni umri. Kiwanda cha General Tyre kilichoanzishwa Arusha mwaka 1969 kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na leo tunategemea matairi ya kuagizwa, mapya na yaliyotumika. Tairi lililotumika linaweza kuwa na kashata nzuri, yaani michongo ya uso wake, na mpira uliozeeka. Tazama ubavuni mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishafika miaka mitano, na liondolewe kwenye gari likifika kumi hata kama kashata bado ipo. Mpira mzee hupasuka nyufa ndogo, hasa chini ya valvu na kwenye mbavu.

Namna ya kutafuta

Kosa kubwa ni kuanza kwa kufungua tairi. Tairi likishang'olewa kwenye ringi, ushahidi wa tundu la mdomo na la valvu umepotea. Utafutaji mzuri huanza gari likiwa limesimama, ukipita kutoka chanzo rahisi kwenda kigumu.

Kwanza andika namba. Pima matairi manne na la akiba asubuhi, yajaze sawasawa, uyapime tena asubuhi ya pili na ya nne. Daftari la namba hizo linasema mengi kuliko kulipiga teke tairi. Matairi ya siku hizi ya rejo (radial) hayaonyeshi upungufu kwa macho. Linaweza kukosa paundi kumi na bado likasimama kama lenye afya. Ndiyo sababu jicho la fundi, hata fundi mzuri, haliwezi kuchukua nafasi ya geji.

Pili, anza na valvu. Ni chanzo cha bei ndogo kuliko vyote na husahaulika kuliko vyote. Ndani ya valvu mna kiini chenye springi na mpira mdogo, muundo uleule ambao August Schrader wa New York alipewa hataza yake mwaka 1893. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye mpira huo, hewa inatoka siku nzima bila sauti. Barabara zetu zina mchanga, na vifuniko vya valvu vingi vimepotea vibandani. Weka tone la maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Kipovu kikivimba, kiini ndicho. Kisha pinda shina la valvu kidogo kwa kidole, kulia na kushoto, huku ukimwagia sabuni kwenye shina na ringi. Mpira uliopasuka hutoa povu pale tu unapopindwa.

Tatu, uso wa tairi. Sukuma gari nusu mzunguko, au nyanyua kwa jeki na uzungushe gurudumu taratibu, ukitazama kila mfereji. Kichwa cha msumari kilichokwanguliwa na lami hung'aa kama shilingi. Cha skrubu hujificha katikati ya kashata. Ukikiona, kizungushie chaki na ukiache. Usikichomoe barabarani. Msumari uliokaa ndani unaziba sehemu kubwa ya tundu lake. Ukiutoa, tairi lililokuwa linapungua paundi moja kwa siku linaweza kulala kwa dakika chache. Kumbuka pia kwamba si kila msumari umetoboa. Mfupi huishia kwenye kashata. Sabuni ndiyo hakimu.

Nne, sabuni kila mahali. Jaza tairi kidogo zaidi ya kawaida bila kuvuka ukomo ulioandikwa ubavuni, changanya sabuni ya maji na maji hadi yawe mazito ya kutosha kutoa povu, kisha pakaa kwa brashi: uso, mbavu zote mbili, mzunguko wa mdomo nje na ndani. Hapa ndipo subira inapohitajika. Tundu kubwa hupuliza mapovu papo hapo. Tundu la paundi mbili kwa wiki hutoa povu jeupe laini, dogo kama punje ya mtama, na huenda likachukua dakika tano hadi kumi kuonekana. Fundi anayemwaga maji, kutazama mara moja na kusema "hamna kitu" hajatafuta.

Tano, maji. Gurudumu zima, likiwa limejazwa, lizamishwe kwenye nusu pipa au birika pana, lizungushwe polepole kwa vituo. Karai dogo linalotumika kupima tyubu halitoshi gurudumu la gari. Linaonyesha kipande kimoja na kuacha vingine nje ya maji. Mistari ya vipovu inayopanda kutoka chini ya ukingo inaonyesha mdomo. Vipovu vinavyotoka kwenye mwili wa ringi yenyewe, mbali na mdomo, vinaonyesha ufa au aloi yenye vitobo.

Mambo yote matano yakishindwa, ndipo tairi lifunguliwe na ndani yake litazamwe kwa tochi. Mara nyingi utakuta kiraka cha zamani kilichoachia pembeni, au alama ya chuma cha kufungulia kilichochana mdomo wakati wa kazi iliyotangulia. Tundu la namna hii limetokana na matengenezo, na litaendelea kujirudia kama tairi litaendelea kung'olewa kwa nguvu ya vyuma bila kilainishi.

Dawa kwa kila chanzo

Chanzo kikijulikana, uamuzi unakuwa mwepesi, kwa kuwa kila kimoja kina dawa yake na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Kiini cha valvu hubadilishwa kwa kifunguo kidogo bila hata kushusha gurudumu, na kifuniko kirudishwe ili mchanga usiingie. Shina la mpira lililopasuka linahitaji tairi lilegezwe upande mmoja na shina jipya livutwe. Ni busara kubadilisha shina kila unapofunga tairi jipya. Mpira wa valvu haudumu kuliko wa tairi.

Tundu la msumari katikati ya kashata hutengenezeka vizuri. Viwango vinavyofuatwa na watengenezaji vinakubali tundu lisilozidi milimita 6 kwa gari dogo, likiwa kwenye uso tu. Kazi kamili hufanyika tairi likiwa limefunguliwa: fundi anatazama kama mbavu zimeungua kwa kuendeshwa bila upepo, anasafisha utando wa ndani, anapitisha kiraka chenye mguu, umbo la uyoga, ambacho mguu wake unajaza njia ya msumari na kichwa chake kinaziba ndani. Kinachofanywa vibandani kwa wingi ni utambi wenye gundi unaosukumwa kutoka nje. Utambi si uovu. Unakutoa njiani usiku, na mwingine hudumu muda mrefu. Lakini haurudishi utando wa ndani, na fundi anayeutumia hajaona ndani ya tairi, kwa hiyo hajui kama nyuzi za chuma zimeanza kuota kutu kwa maji yaliyopita tunduni. Uchukulie kama huduma ya kwanza, kisha lifunguliwe.

Tundu la begani au ubavuni halitengenezeki. Ubavu hupinda kila gurudumu linapozunguka, mara mia nyingi kwa kila kilomita. Kiraka hakivumilii hilo, na uzi wa kushonea hauvumilii pia. Tairi hilo limekwisha.

Mdomo unaovuja kwa sababu ya kutu au unga wa aloi hauhitaji tairi jipya. Unahitaji usafi. Tairi linalegezwa, ringi inasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa laini hadi chuma kiwe laini mzunguko mzima, vumbi linafutwa, mdomo wa tairi unaoshwa, gundi maalumu ya mdomo inapakwa nyembamba, tairi linafungwa tena. Kupaka grisi au kumwagia petroli si badala: vyote viwili hula mpira. Ni kazi ya muda, na ndiyo sababu mafundi wengi huikwepa. Mteja mwenye haraka haitaki, na bei ya pancha ya kawaida hailipii saa nzima ya kusugua. Anayetaka tairi lipone akubali kulipia saa hiyo.

Ringi ya chuma iliyopinda kidogo hunyooshwa. Ringi ya aloi iliyopasuka huchomelewa kila siku mjini, lakini kuchomelea hubadilisha ugumu wa aloi jirani na mshono, na ufa hupenda kurudi kando yake. Kwenye gurudumu la mbele la gari linalobeba familia, ni heri ringi nyingine iliyotumika, iliyopimwa majini kabla ya kununuliwa, kuliko mshono.

Dawa za maji zinazomiminwa kupitia valvu zina nafasi yake: kukufikisha kwa fundi. Zikiachwa ndani huganda, huvuruga mizani ya gurudumu, na humpa fundi wa baadaye tope la kusafisha kabla hajaona kitu. Nitrojeni nayo inauzwa kama tiba. Hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78 tayari. Ile safi hupungua polepole zaidi kupitia mpira mzima, lakini tundu la msumari haliulizi ni gesi gani inapita.

Tyubu ndani ya tubelesi

Dawa moja inahitaji kutazamwa peke yake kwa kuwa ndiyo inayotolewa mara nyingi fundi anaposhindwa kuona chanzo: kuweka tyubu ndani ya tairi la tubelesi. Inafanya kazi siku hiyo hiyo, na hilo ndilo linaloipa umaarufu. Lakini ndani ya tairi la tubelesi mna mistari na alama zilizochongwa, hakuna ulaini ambao tyubu inahitaji. Tyubu inasuguana na mistari hiyo, inapata joto, na hewa inayonaswa kati ya tyubu na tairi hufanya msuguano uzidi.

Tofauti kubwa iko katika namna ya kushindwa. Tubelesi ikichomwa msumari, mpira unaubana na hewa inatoka taratibu. Una saa, pengine siku, za kugundua. Tyubu ikichomwa, hewa inatoroka kupitia nafasi ya shina la valvu na gurudumu linalala ghafla. Kwa kuweka tyubu umebadilisha kasoro ya polepole kuwa hatari ya ghafla. Kwa bajaji au baiskeli, ambazo zimeundwa kwa tyubu, hakuna tatizo. Kwa gari la kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya Chalinze, ni kamari. Na chanzo cha kwanza, msumari au kutu, bado kimo ndani kikisubiri tyubu.

Gharama halisi

Watu husema upungufu wa upepo unakula mafuta. Ni kweli, lakini kwa kiasi kidogo: kila paundi inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza matumizi kwa takriban asilimia 0.2. Kwa tairi moja lenye upungufu, mafuta hayatakufilisi. Kinachokufilisi ni tairi lenyewe. Linaisha mabega yote mawili katikati ikiwa bado nzima, na mbavu zake zinajikunja kupita kiasi hadi nyuzi za ndani zinachoka. Hata upepo ungekuwa bure kila sheli, kujaza kila siku tatu kungebaki ghali, kwa kuwa kati ya kujaza na kujaza tairi linaendeshwa likiwa na njaa.

Mtu wa Bunju anayekwenda Mwenge katika foleni huenda asione madhara. Hatari inajitokeza mwisho wa mwaka, gari lilelile linapopakiwa watu watano na mizigo kuelekea Moshi au Songea. Uzito, mwendo na joto la lami hukutana kwenye tairi ambalo limekuwa likijikunja miezi sita. Dunia imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliagiza matairi milioni 6.5 yarudishwe nchini Marekani baada ya mengine kupasuka barabarani, na mamlaka ya usalama ya huko ilihusisha matairi hayo na vifo 271. Kasoro ya utengenezaji ilikuwepo, na upepo mdogo uliongeza joto. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka huohuo, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya la huko lilipaswa kuwa na kihisi kinachomwonya dereva upepo unapopungua kwa robo. Ulaya ilifuata mwaka 2014 kwa magari madogo yote mapya. Japani haikuweka sharti hilo, na magari yetu mengi yanatoka Japani. IST au Passo iliyopo Kijichi haina taa ya kumwonya mwenyewe. Robo ya paundi 32 ni nane. Tairi linalopoteza moja kwa siku hufika hapo siku ya nane.

Kwenye daladala suala ni zito zaidi. Kosta ina matairi pacha nyuma, na la ndani halionekani. Likipungua, la nje linabeba mzigo wa mawili na hakuna anayejua, kwa kuwa gari limesimama sawa. Utingo hugonga kwa nyundo au fimbo na kusikiliza sauti. Sauti hutofautisha tairi lililolala na lililojaa. Haitofautishi paundi 40 na 60. Abiria wa Chamazi hadi Kariakoo wamekalia tofauti hiyo kila asubuhi.

Zamu ya nani

Mwenye gari ana zamu ya kwanza, na ni nyepesi: geji yake mwenyewe, kipimo cha asubuhi mara mbili kwa mwezi, tairi la akiba likiwemo, na sentensi moja ya kumwambia fundi: "Nionyeshe povu kabla hujafungua." Fundi mzuri hakasiriki kwa sentensi hiyo. Inamlinda naye asilaumiwe kwa tundu ambalo hakulitengeneza.

Fundi pancha ana zamu ya pili, lakini hawezi kuitimiza peke yake. Mafundi hawa ni watu waliojifunza kazi kwa kutazama, wanafanya kazi juani, wanalipwa kwa tundu wala si kwa utafiti. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliopata ujuzi nje ya mfumo rasmi, na kituo chake cha Dar es Salaam kipo Chang'ombe, Temeke. Mafunzo mafupi ya siku chache juu ya kutafuta tundu, kusafisha ringi na kuweka kiraka cha uyoga yangefaa sana yakifika hadi vibandani. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa vibanda zingeweza kusaidia kwa kitu cha kawaida kabisa: nusu pipa la maji safi na geji iliyohakikiwa katika kila kituo.

Wasimamizi wana zamu ya tatu. Trafiki humsimamisha mwenye tairi kipara kwa sababu kipara kinaonekana. Upepo hauonekani, kwa hiyo haukaguliwi. LATRA, inayotoa leseni za daladala, na Jeshi la Polisi, linaloandaa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, wana nafasi ya kuweka geji mikononi mwa wakaguzi na kudai kipimo cha matairi ya ndani ya pacha kabla basi halijatoka kituoni. 

Tairi linalopungua polepole limekupa jambo ambalo tairi linalopasuka halikupi: muda. Muda huo unatosha kupima, kupaka sabuni, kusubiri dakika kumi na kuamua. Anayeutumia kujaza upepo tu anaununua muda uleule kila asubuhi, na siku moja utakwisha akiwa barabarani na watu ndani ya gari. Atumie asubuhi moja kulitafuta tundu, alipie dawa inayolihusu, na aache kulipia mengine.